Meno ya Watoto Tisa

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu na walezi wa chekechea, habari za tangu asubuhi. Nilipoombwa kuja kusema mbele yenu nilikataa mara mbili, kwa sababu mimi sina habari tamu. Mchungaji akaniambia nije niseme hivyo hivyo ilivyo. Basi nitasema hivyo hivyo, na mwenye masikio laini, chai iko pale nje.

Jina la mtu sitataja. Lakini tendo nitalitaja lote. Mtu ukimfichia jina inatosha. Ukimfichia na tendo, atarudia.

Mimi nina kihamba kidogo cha ndizi na kahawa huku juu, na ng'ombe wawili wa ndani. Mume wangu ni mpagazi, anapandisha mizigo ya wageni mlimani, kwa hiyo wiki nyingine hayupo. Tuna watoto wawili. Wakati huo binti alikuwa na miaka minne na mdogo wake alikuwa bado ananyonya. Binti nilimpeleka chekechea ili nipate kukata majani ya ng'ombe bila kubeba mmoja mgongoni na kumburuta mwingine.

Siku moja nilikwenda kumchukua, akatoka wa mwisho. Hakulia wala hakunikimbilia. Tulipofika nyumbani nikamvua sweta nimwogeshe. Ndugu zangu, mkono wake wa kushoto, kuanzia hapa kwenye kiwiko mpaka begani, ulikuwa na alama za meno. Vijino vidogo, duara duara, nyingine zimevilia damu. Nilizihesabu, zilikuwa tisa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mwalimu wake mlangoni anachonga penseli. Sikumsalimia. Nikamwonyesha ule mkono, naye hakukana hata kidogo. Alisema binti yangu alimuuma mwenzake wakigombea tairi la kubembea, kwa hiyo akawapanga watoto mstari na kila mmoja akamuuma, ili aonje.

"Mama, huko ndiko kufundisha," akaniambia. "Hatarudia. Hata sisi tulikuzwa hivyo hivyo."

Nawasikia mnaguna. Msigune haraka. Wangapi humu ndani hamjawahi kumwambia mtoto "mrudishie"? Msinyooshe mikono, nyuso zenu nazijua.

Baadaye binti aliniambia kwamba mmoja katika wale tisa alikuwa analia, hataki kuuma, na mwalimu akamsukuma kichwa mpaka akauma. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilienda kwa mwenye shule, akaniambia niandike barua. Barua! Mtoto ameliwa mkono, mimi nitafute kalamu!

Nikaamua nitamlipa yule mwalimu mwenyewe, na nitamlipa hadharani. Nilijua siku za soko yeye huuza nguo za mitumba pale sokoni Kwa Sadala. Siku ya tatu ilikuwa siku ya soko. Nikambeba binti yangu mpaka mbele ya lile turubai lake la nguo, nikamvua sweta katikati ya watu, nikauinua mkono wake juu. Nikapiga kelele: "Njooni muone kazi ya mwalimu! Njooni muone anavyofundisha watoto wenu!" Wauza vitunguu waliacha vitunguu. Kina mama walimzonga, mmoja akamtupia ile blauzi aliyokuwa anaichagua. Mwalimu alifunga nguo zake, akajifunika kanga usoni, akaondoka.

Nilifurahi, nawaambia kweli. Sikuwa nimelala siku tatu, lakini usiku ule nililala fofofo. Ila kuna kitu sikukisikia siku ile. Muda wote ule binti alikuwa ananiambia, "Mama nivalishe, twende nyumbani." Nilikuwa nimemshikilia mkono juu kama mtu anayenadi kuku.

Kisasi ni kama mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kata ya kwanza inaita ya pili. Nilimwachisha shule, nikaanza kumfundisha mwenyewe. Kila asubuhi nikikamua, yeye amesimama mlangoni pa banda, namuuliza:

"Mtu akikugusa?"

"Namuuma."

"Kidogo?"

"Kwa nguvu!"

Akijibu vizuri nampa ndizi mbivu. Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye kihamba kimoja, alisimama siku moja akasikiliza, akauliza, "Wewe mama, unafuga mbwa au unalea mtoto?" Nikamjibu vibaya, nikiri. Nilimwambia afadhali mbwa, maana haonewi na mtu.

Haukupita mwezi. Nilikuwa napika mtori, wamekaa wote wawili mkekani, mdogo akamvuta dada yake nywele, kama watoto wanavyovuta. Binti akamuuma shavuni. Alifanya kama nilivyomfundisha, kwa nguvu. Damu ikamchuruzika mtoto mpaka shingoni. Nikaacha mwiko, nikamshika binti mkono ule ule wa kushoto, nikamuuma. Mimi, mtu mzima, mwenye magego. Na kinywa changu kikasema, "Na wewe uonje!"

Neno lile nililisikia likitoka. Lilikuwa neno la yule mwalimu, kwa sauti yangu.

Binti hakulia. Aliingia uvunguni mwa kitanda. Kwa siku nne alikula kwa mkono wa bibi yake tu. Nikinyanyua mkono hata kuchukua kikombe, anafunika wa kwake. Nikimwita, anatazama ukuta. Nilianza kuogopa kwamba nimempoteza akiwa ndani ya nyumba yangu, na kwamba mwalimu hakunichukulia mtoto, nimemtoa mwenyewe.

Siku ya tano mama mkwe alienda mpakani mwa kihamba, akarudi na jani la isale, akaniwekea mkononi. Kwa ninyi mliotoka mbali, isale ni lile jani letu la mipakani. Aliyekosa akikuletea, mila haikuruhusu kumkatalia msamaha, hata kosa liwe la damu.

"Mpelekee mwanao," akasema.

"Mama, tangu lini isale likapelekwa kwa mtoto? Linapelekwa kwa mtu mzima."

"Na tangu lini mtu mzima akamuuma mtoto?"

Nikaenda nikapiga magoti sakafuni pale kitandani, nikamnyooshea binti lile jani. Yeye hakujua mila. Alilitoa mkononi mwangu, akanichapa nalo. Halikuumiza, ni jani tu, ila alinitazama usoni aone nitafanya nini. Mkono wangu ulishanyanyuka, ndugu zangu. Mkono una akili yake. Nikaushusha. Akanichapa tena begani, akanichapa shavuni, akachapa mpaka jani likachanika. Alipochoka akalia kile kilio ambacho hakukilia tangu siku ile ya shule. Nikamwambia, "Nilikosa. Mama hatakuuma tena." Hakunikumbatia. Alienda kwa bibi yake. Lakini jioni aliniomba maji, na mimi nilimpa maji yale kwa mikono miwili.

Ilichukua muda kumrudisha chekechea, na nilimpeleka nyingine, ya upande wa pili wa mto. Wiki ya kwanza nilijibanza kwenye uzio kila siku, nimefunga kanga kiunoni tayari kwa vita. Siku ya tatu binti akamuuma mtoto mwenzake. Nikamwona mlezi anakuja, mama mmoja mfupi, na nikajisemea, amguse tu.

Yule mama alijiweka katikati yao. Kwanza alimshika aliyeumwa, akamtuliza. Kisha akamwambia binti yangu, bila kupaza sauti, "Hapana. Meno ni ya kula ndizi, si ya kula mwenzako. Nishikie beseni." Binti akashika beseni, na mlezi akauosha mkono wa yule aliyeumwa taratibu mbele yake, mpaka binti akaona vizuri alichokifanya. Halafu akamwuliza, "Ulikuwa unataka nini?"

"Mpira."

"Basi sema, naomba mpira. Akikunyima, niite mimi."

Hakumwaibisha mbele ya wenzake, wala hakumlazimisha kusema samahani asiyoijua. Alimkalisha karibu naye mpaka akatulia. Mimi pale uzioni nilifungua kanga, nikajifutia uso. Siku hizi naenda kumsaidia siku mbili kwa wiki, maana mlezi mmoja kwa darasa lile zima ni mzigo, na huo ni ukweli mnaopaswa kuupeleka kwa wenye shule zenu bila kuogopa.

Walimu, sikilizeni. Mtoto mdogo akiuma au akipiga, mtenganisheni, mtulizeni aliyeumia, mwambieni aliyekosa maneno machache, na mbaki naye. Msimpe adhabu kwa mikono ya watoto wenzake. Mkimlipizia, hajifunzi kuacha. Anajifunza kwamba mkubwa ndiye mwenye zamu ya kuuma. Na ninyi wazazi wenzangu mliokuja kunishangilia nilivyomtoa mtu jasho sokoni, hili ni lenu pia.

Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye nilimjibu vibaya naye akaniletea jani. Aika, mama. Namshukuru yule mlezi wa beseni. Namshukuru baba watoto, aliyeshuka mlimani akakuta nyumba imenuna, akaosha vyombo, kisha akauliza.

Na yule mwalimu? Najua mnangoja hapo. Mwezi uliopita nilimkuta Majengo, kwa fundi cherehani, nimeongozana na binti. Maneno niliyokuwa nimemwekea yalinijaa mdomoni yote, na watu walikuwepo wa kuyasikia. Binti akamtazama, akamwambia, "Shikamoo," kama anavyomwamkia mtu mzima yeyote. Mwalimu akaitikia marahaba huku anatazama viatu vyake. Tulipotoka nje binti akaniuliza, "Mama, yule nani?"

Nikamwambia, "Mtu tu."

Amemsahau. Mimi sijamsahau, na sitawadanganya ndani ya nyumba ya Mungu kwamba nimemsamehe. Ile chuki ninayo yote, sijamgawia mwanangu hata punje.