Somo la Udongo Nimemwachia Domitille

Sogeeni karibu, wanangu, kwa sababu sauti yangu haifiki tena mbali, na maneno haya sitaki mutu ayapate kwa kuhadithiwa. Lucien, kaa hapa kitandani. Adélaïde, funga dirisha, kelele za mtaa huu wa Cimpunda zinanishinda leo. Na wewe Domitille, usisimame mlangoni kama mgeni. Niliyekuita ni mimi.

Nyumba hii ni ya Lucien na Adélaïde, sawa kwa sawa, na mama yenu Rosalie ataishi ndani yake mpaka Mungu amwite. Hilo limeandikwa, padri analo. Ninalotaka kusema ni juu ya somo la udongo, nililolifundisha pale institut, chuo chetu cha kilimo, miaka thelathini na moja. Mkuu wa section, idara yetu, aliniomba jina la mutu wa kulichukua, nami nimeandika la Domitille. Najua, Lucien, wewe ni assistant, msaidizi wa maprofesa, mwaka wa sita sasa na ulilingojea somo hilo, na najua tangu Jumatatu hukai nami mezani. Sikiliza kwanza, kisha ukasirike kama bado utapenda.

Nilipoanza kazi nilifundisha kama nilivyofundishwa: naingia, nafungua karatasi zangu, nasoma, wao wanaandika, natoka. Miaka kumi na tisa hivyo, na sikujua jina la mwanafunzi hata mmoja. Siku moja binti wa kijiji cha Nyantende akanyoosha mkono nikiwa katikati ya dictée, nawasomea waandike, akasema, "Papa professeur, samahani, huu udongo wa mu kitabu iko wa wapi? Kwetu mvua inakuya inabeba shamba yote, na haya tunaandika haiwezi kuizuia." Auditoire nzima, ukumbi wote wa wanafunzi, ikacheka. Nikamtoa nje, na mwisho wa mwaka nikampa alama za kumfanya arudie mwaka, hata watu wa kwao wakamwambia aache masomo aolewe. Yeye akakataa, akarudi kuketi mbele yangu tena. Binti huyo ndiye Domitille.

Mwaka uliofuata walinipasua koo, munakumbuka, na daktari akanikataza kusema miezi mine. Nilidhani nimekwisha, maana mwalimu wa kusoma karatasi, akikosa sauti, amebaki na nini? Nikaingia auditoire, nikaandika ubaoni swali la Domitille kama alivyoliuliza, nikaketi. Kimya. Nilitamani kukimbia. Halafu wakaanza, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Mashi, lugha ya kwao, wakabishana mpaka Domitille akasimama: "Twende tuone." Jumamosi tukaenda Nyantende, watu arobaini na mmoja, mpaka shamba la mama yake. Wakapima mteremko kwa kamba na chupa ya maji, wakachimba mitaro, wakapanda majani kwenye kingo zake, wakarudi kuandika rapport nzuri kuliko zote nilizowahi kusahihisha. Mvua za Machi zilipokuja, udongo ulibaki. Mama yule alinishika mikono, yake imejaa matope, akasema, "Aksanti, muzee, unatufundishia batoto muzuri." Niliona haya, wanangu, kwa sababu sikuwa nimesema neno hata moja.

Jean-Claude, mwenzangu wa ofisi, alinishtaki kwa mkurugenzi kwamba nimekuwa mvivu, wanafunzi wananifanyia kazi, na kwa sababu hiyo sikumsalimu miaka mingi. Nimemsamehe. Akija kwenye kilio, mumpe kiti cha mbele.

Lucien, mwezi wa kumi nilisimama nje ya auditoire yako nikasikia sauti moja tu, yako, nzuri sana, nikajisikia mwenyewe nilivyokuwa zamani. Kosa si lako. Uliniona mimi tangu ungali mudogo. Nenda ukae nyuma kwenye somo la Domitille mwaka mmoja. Tazama anavyouliza, kisha ananyamaza, hata kimya kikimchoma, kwa sababu mutu anahitaji muda wa kufikiri. Jifunze majina yao. Waache wabishane kwa lugha ya mama zao, Kifaransa kitafuata. Na anayesema hajui usikubali achekwe. Huyo amekuonyesha pa kuanzia.

Domitille, ulipomaliza masomo nilikupa kazi pale institut nikadhani inatosha. Haitoshi. Mbele ya watoto wangu nasema: nilikukosea, unisamehe. Miaka hii kumi na miwili ya mwisho nimekwenda kazini na furaha, na furaha hiyo ulinipa wewe.

Maji kidogo... aksanti, Adélaïde.

Munizike Nyantende, bila hotuba za vyeo. Mama yenu asiachwe peke yake mwaka wa kwanza. Lucien, lete mkono wako... hapana, si kwangu, mpe Domitille. Hivyo. Aksanti, mwanangu, hujui umenipa nini.

Mungu awalinde wote, awape subira... na watu wa kuwauliza maswali magumu. Nimekuwa mutu wa bahati... bahati kubwa. Nguvu zinakwisha. Sasa semeni ninyi... nasikiliza.