Futi 3,168 za Barabara ya 41: Maisha ya Rosemary Haggerty Tedesco (1938–2023)

Rosemary aliacha maagizo mawili tu kuhusu siku ya leo. La kwanza, jeneza lake lisipitishwe kwenye barabara kuu ya mwendo kasi, bali lije makaburini kwa Barabara ya 41. La pili, wasifu wake useme wazi ni nani aliyefanya kosa la mwaka 1962. "Msipoliandika hilo, msisome kitu," alimwambia binti yake, Noreen. Limeandikwa humu.

Alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Februari 1938, Garnet Hollow, kitongoji cha nyumba thelathini na moja bondeni, katika Kaunti ya Ostrander, mwendo wa saa moja kaskazini mwa Jiji la New York. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Cornelius Haggerty, mchoma matofali, na Wilhelmina Terwilliger. Wakati huo barabara za kaunti hazikuwa na namba. Mgeni akiuliza njia aliambiwa apinde kushoto penye ghala jekundu, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba ghala lenyewe liliungua miaka kumi nyuma. Rosemary alipenda kusema kwamba alianza kazi yake akiwa na miaka sita, kwa kuwahurumia watu waliosimama mlangoni kwao wakiwa wamepotea.

Alisoma shule ya madarasa mawili ya Garnet Hollow, kisha Sekondari ya Haverkill, alikohitimu Juni 1956. Aliomba kusomea uchoraji wa ramani akaambiwa wasichana hupiga chapa. Akajifunza kupiga chapa. Jioni alikwenda chuoni kusomea uchoraji huohuo kwa miaka miwili, mwanamke pekee katika darasa la watu ishirini na wawili.

Jumatatu ya tarehe 3 Juni 1957 aliajiriwa Idara ya Barabara ya Kaunti akiwa mpiga chapa. Miaka miwili baadaye mkuu wa idara, Bwana Everett Coykendall, alirudi mapema kutoka kula mchana akamkuta anasahihisha ramani ambayo hakuna aliyemwomba aisahihishe. Hakumkaripia. Alimhamishia chumba cha wachoraji, kwenye meza iliyokabiliana na ya mzee Alden Schoonmaker. Ni hawa wawili waliozipa barabara za kaunti hii namba mwaka 1961 na 1962, sitini na nne kwa jumla: namba witiri kwa zinazokwenda kaskazini na kusini, namba shufwa kwa za mashariki na magharibi, kibao cha buluu, tarakimu za manjano. Kanuni ya nne ni ya Rosemary, na ipo hadi leo kwa maneno yake: namba haikatiki. Barabara yenye namba lazima iwe nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikatika, kipande cha mbele kinapewa namba nyingine.

Kando ya mto, kwa maili moja, Barabara ya 41 na ya 27 hutumia lami moja. Anayepanda na mto yuko kwenye 41 Kaskazini na 27 Kusini kwa wakati mmoja, na vibao vyote viwili vinasema kweli. Masika ya 1963 Silvio Tedesco, dereva wa gari la mikate, aliingia ofisini na mkate wa ufuta kwapani.

"Dada, kibao cha juu kinaniambia nakwenda kaskazini," alisema. "Cha chini kinasema kusini. Nimwamini nani?"

"Viamini vyote viwili."

"Haiwezekani."

"Inawezekana, bwana. Si umefika?"

"Nimefika hapa. Mikate ilitakiwa ifike Sloatford."

Rosemary alimchorea njia kwenye karatasi ya kufungia mkate. Wiki iliyofuata Silvio akarudi, kapotea tena. Na iliyofuata. Wiki ya nne Rosemary alimuuliza mtu aliyezaliwa Haverkill anapoteaje mara nne kwenye kona moja. Silvio akakiri kwamba tangu ile siku ya kwanza hajapotea. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Oktoba 1964, katika Kanisa la Mtakatifu Bridget, Haverkill. Mungu aliwajalia watoto wawili, Noreen na Vincent.

Sasa kosa. Ramani ya kaunti ilikuwa na karatasi kumi na mbili. Karatasi ya saba iliishia kwenye daraja la Garnet Hollow. Ya nane ilianzia kanisa la Wamethodisti, juu ya kilima. Rosemary alizichora zote mbili. Kila barabara nyingine alikwenda kuikagua kwa miguu pamoja na mzee Schoonmaker. Hii hakwenda, kwa sababu alizaliwa pale na aliamini anaijua. Kati ya daraja na kanisa zilianguka futi 3,168, na nyumba zote thelathini na moja zikaanguka nazo. Hazikuwa kwenye karatasi ya saba wala ya nane, kwa hiyo hazikuingia kwenye daftari la barabara za kaunti.

Kwa miaka kumi na tano hakuna aliyejua. Madereva waliona kibao cha 41 kabla ya daraja na kingine baada ya kanisa, wakaendelea na safari zao. Wakati wa baridi, dereva mzee wa halmashauri ya mji alisukuma theluji ya bondeni kwa mazoea tu. Alipostaafu mwaka 1977, mji ulisema hiyo ni 41, ni ya kaunti. Dereva wa kaunti naye alifuata daftari: alifika darajani akainua jembe la theluji la gari lake, akapita juu ya theluji, akalishusha kanisani.

Februari 1978 ilianguka theluji ya kufika kiunoni. Gari lilishindwa kuvuka daraja. Cornelius Haggerty, mjane wa miaka sabini na minne, alikaa siku nne bila njia. Kuni zilipomwishia alichoma viti vya jikoni. Siku ya tano Rosemary alifika kwa miguu akamkuta amesimama kando ya jiko, na mbele yake kiti kimoja.

"Nimekubakizia hiki, Rosie," alisema baba yake. "Kaa. Kisha uniambie barabara yangu iko wapi."

Alirudi ofisini, akazitandaza karatasi ya saba na ya nane sakafuni, akaona. Bwana Coykendall, aliyempenda na kumheshimu, alifunga mlango, akamwambia kwamba mzee Schoonmaker amefariki tangu 1971 na hana tena wa kumwonea haya. Lawama zikiwekwa kwake hazitamuumiza mtu.

"Mkono ni wangu," alisema Rosemary. "Hata herufi zinanijua."

Aliandika barua kwa baraza la kaunti na kuitia sahihi yake, akitaja karatasi, tarehe na jina. Aliomba jambo moja: futi zile ziandikwe daftarini. Baraza lilikataa mara tatu, kwa kuwa pamoja na futi hizo kaunti ingepokea daraja bovu. Katika kikao cha mwaka 1980 diwani mmoja alimuuliza mbele ya watu: "Bi Tedesco, wewe ulishindwa kuiona barabara ya kwenu, leo unataka tuione sisi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," alijibu. "Ndiyo maana nimewaletea ramani." Watu wa bondeni walicheka. Kura zilikataa vilevile.

Mwaka uliofuata aliacha kuomba. Aliifungua kanuni ya nne na kuitekeleza. Kama baraza linasema kipande cha Garnet Hollow si cha kaunti, aliandika, basi Barabara ya 41 imekatika darajani, na kila kilichoko kaskazini ya kanisa hakiwezi tena kuitwa 41. Akakipangia namba: 87. Akaorodhesha vibao mia mbili na kumi na viwili vya kubadilishwa, akapeleka taarifa kwa kila mwenye anwani huko.

Kaskazini ya kanisa ndiko kwenye nyumba kubwa, kikosi cha zimamoto chenye namba ubavuni mwa magari yake, na Mgahawa wa 41. Hawa hawakuwahi kuhudhuria kikao cha barabara. Jioni ya tarehe 12 Novemba 1981 waliujaza ukumbi hadi ngazini. Mwenye mgahawa, Panos Kaloudis, alikuja na kikombe mkononi. Aliwaambia madiwani kwamba ana vikombe mia nane na kila kimoja kimeandikwa 41. Anayetaka 87 aje akavisugue mwenyewe. Kisha akamgeukia Rosemary kumuuliza ni kipande gani hicho kinachowaletea balaa. Rosemary akamwonyesha kwenye ramani. Panos akaitazama kwa muda mrefu. "Hiki tu?" aliuliza. "Waandikieni watu barabara yao, twende nyumbani."

Kura zilikuwa kumi na nne kwa tatu.

Theluji ya kwanza ilianguka mwezi uliofuata. Dereva alifika darajani na jembe hakuliinua. Cornelius alimpigia simu binti yake kazini. "Limepita," alisema. "Limenirundikia theluji yote mlangoni, siwezi kutoka." Kisha akaongeza: "Sasa tumo."

Daraja jipya lilikamilika 1985. Mwaka huohuo Rosemary na Silvio walihamia nyumba ya mzee, na kile kiti kimoja kipo jikoni hadi leo. Alistaafu mwaka 2001 akiwa mchoraji mkuu. Kaunti ilimpa kibao cha shaba kilichomsifu kwa kugundua kosa la zamani. Aliwarudishia. Kiliporudi kilisomeka: "aliyelifanya na kulisahihisha." Hicho alikitundika ukutani.

Silvio alitangulia mbele ya haki mwaka 2009. Macho ya Rosemary yalianza kufifia 2016, na mwaka 2021 moyo ukachoka. Bado Jumapili alitaka kupelekwa matembezi ya gari. Alikaa mbele, kipofu karibu kabisa, akizitaja njia panda kwa mitikisiko ya lami. Kando ya mto hakuacha kumgusa Noreen mkono: "Hapa tunakwenda kote kuwili." Alifariki nyumbani kwake, 212 Barabara ya 41, Ijumaa tarehe 3 Machi 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka 85.

Ameacha binti yake Noreen na mumewe Dag Ostergren, mwanawe Vincent, wajukuu Cornelia, Silvio na Maeve, kitukuu mmoja, mdogo wake Bernadette, na nyumba thelathini na moja.

Ninyi mliolifuata jeneza leo mmekuja kwa Barabara ya 41. Mmepita darajani, mmepita bondeni, mmepanda hadi kanisani, na yaelekea hamkuhisi karatasi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Hilo ndilo alilolitaka.

Rosemary amefika. Apumzike kwa amani, penye barabara nzima.