Mwalimu Nikuone na Kiti cha Dirishani

Ndugu waombolezaji, wazee wa kanisa, walimu, na nyie mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha, nasoma maisha ya shangazi yangu. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nimesema kaka kwa heshima tu, baba yangu ni mdogo wake. Familia imenipa kazi hii kwa kuwa sauti yangu inafika mbali. Baba mdogo ameniomba nisome polepole na nisianze ugomvi na mtu. Nimemkubalia kusoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Baada yake walikuja wadogo wa kiume watupu, wote watundu. Kila jioni kabla mlango haujatiwa komeo alipita akiwagusa kichwa mmoja mmoja. Siku moja kichwa kimoja kikakosekana. Babu akasema atakuwa kwa jirani huyo, tuleni. Yeye hakugusa chakula. Alizunguka mpaka akamkuta mdogo wake ndani ya sanduku la babu la kuwekea ngozi za viatu, kifuniko kimejibana, jasho linamtiririka, hana hata nguvu ya kulia. Aliyekuwa ndani ya lile sanduku ni baba yangu. Kwa hiyo mimi leo kuwepo hapa ni kwa sababu kuna mtoto alikataa kula.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1971. Akiwa darasa la tano aliugua malaria wiki nzima. Aliporudi akakuta mwalimu wake, mtu mpole asiyependa usumbufu, amemwandika yupo siku zote. Hadithi hiyo alitusimulia mpaka tukaikariri. Alikuwa anasema, "Mimi niko kitandani natapika, huku kwenye daftari nimekaa nasoma jiografia. Ningekufa wiki ile, ningekufa na mahudhurio kamili." Sisi tulicheka. Yeye hakucheka, na mimi nilichelewa sana kuelewa kwa nini. Alimaliza sekondari mwaka 1983 na chuo cha ualimu mwaka 1986.

Januari 1987 aliajiriwa katika shule yetu ya msingi ya Kikristo, na hakuwahi kufanya kazi mahali pengine. Alipewa somo la hesabu na kazi ya mahudhurio, ile ambayo hakuna mwalimu anayeitaka. Sheria za pale wengi mnazijua. Wimbo wa asubuhi ukiisha geti linafungwa, na aliyebaki nje anafagia kanisa. Usipokuja shule, mzazi anakuja mwenyewe kwa miguu yake, simu haitoshi. Ukirudiarudia bila mzazi kuonekana, unakaa nyumbani mpaka bodi ikuite.

Yeye akaongeza ya kwake. Akiita jina, ukajibu, "Nipo, mwalimu," anasema, "Nikuone." Unasimama, anakutazama usoni, ndipo anaandika. Maana watoto wana tabia ya kuitikiana. Mimi mwenyewe nilisoma pale, nikaondoka kabla ya muda wangu, hiyo tuiache, ila nakumbuka mwenzetu mmoja aliyemwitikia rafiki yake mtoro kisha akasimama amevaa sweta la huyo rafiki, kainamisha kichwa. Shangazi akamtazama, akasema, "Sweta nimeliona. Mwenyewe yuko wapi?" Darasa zima lilianguka chini kwa kicheko. Jina la Mwalimu Nikuone lilianzia hapo, na hata bodi ya shule ilimwita hivyo. Alikuwa anazijua sauti zetu zote. Ungeweza kuitikia umeziba mdomo kwa leso, bado angekutaja.

Kuna sheria nyingine ambayo ni yake pia, na nitaisema bila kuficha kwa sababu yeye mwenyewe hakuificha. Mwaka 1998 kwaya ya shule ilisafiri kuimba kwenye mkutano wa makanisa. Waliporudi wakakuta wamehesabiwa watoro, na wa darasa la mwisho wakazuiwa kufanya mtihani. Shangazi alikwenda mbele ya bodi akapigana kama simba. Akasema mtoto aliyetumwa na kanisa asiadhibiwe na shule ya kanisa. Bodi ikapitisha kwamba aliye kwenye ibada ahesabiwe yupo, mradi mzee wa kanisa athibitishe. Watoto wakafanya mtihani. Watu walimpigia makofi shangazi, na sidhani kama kuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na fundi wa magari makubwa. Bwana harusi alichelewa kanisani, gari lilimharibikia njiani, yeye fundi. Alipoingia na mikono ina grisi, bibi harusi akamgeukia mchungaji akamwambia, "Mwandike mchelewaji, tuendelee." Waliishi kwa kuelewana hadi mume alipofariki mwaka 2011. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye anachomelea mageti.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Karatasi ya kwanza waliyoandika wazee ilisema marehemu alisumbuliwa na presha kwa muda mrefu. Ni kweli. Lakini presha alikuwa nayo miaka mingi na alikuwa anapanda ngazi za shule upesi kuliko mimi. Kilichomwangusha kina habari yake.

Darasa la saba kuna mtoto wa kike wanamwita Kidoti, kwa ajili ya alama ya shavuni. Alikuwa anakaa kiti cha dirishani. Mama yake alifariki, akalelewa na mjomba wake, ambaye ni mzee wa kanisa letu na mwenye duka la magodoro pale barabarani. Kidoti ana kifafa. Mwezi wa pili mwaka huu alianguka katikati ya sala ya asubuhi. Kesho yake hakuja. Mjomba alifika shuleni akasema mtoto yuko kwenye maombi, na kwa kuwa yeye ndiye mzee wa kanisa, akajithibitishia mwenyewe.

Kwa sheria ile ya 1998, ikaandikwa yupo. Na siku iliyofuata, yupo. Mwezi wa tatu ukaisha, yupo. Kiti cha dirishani kinashika vumbi, na mtoto yupo.

Shangazi alikwenda kwa mwalimu mkuu. Siku hiyo mimi nilikuwa nje namsubiri na pikipiki, dirisha liko wazi, nikasikia yote.

"Mwalimu mkuu, yule mtoto yuko wapi?"

"Mama, si yupo."

"Yupo wapi?"

"Kwenye ibada."

"Ibada gani hii isiyo na amina?"

Mwalimu mkuu akasema kwa upole, "Sheria ni yako, mama. Tunaifuata tu."

Shangazi alitoka akapanda pikipiki. Alikaa nyumbani na sahani mbele yake mpaka ikapoa. Binti yake alimsihi ale. Akasema, "Sanduku limejifunga, na mimi ndiye niliyetengeneza kifuniko."

Asubuhi yake nilimpeleka kwenye nyumba ya maombi. Wengi mnaipita bila kuiona. Iko nyuma ya ghala la magodoro la mzee, ukuta mrefu, geti la bluu, madirisha yamezibwa kwa mbao. Hakuna anayeimba humo ndani. Hilo ndilo lililonishtua, nyumba ya maombi kimya namna ile. Mlinzi wa kike, kitambaa cheupe kichwani, alifungua kidirisha cha geti.

"Wagonjwa hawaonwi mpaka wamalize kufunga," akasema.

"Sikuja kupiga soga, mwanangu. Nimwone tu, niondoke."

"Mama, utavunja maombi."

Kidirisha kikafungwa. Shangazi akarudi nyuma hatua chache, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa, akaita jina kamili la Kidoti. Akaita tena. Ndani, mbali kabisa, kikatoka kisauti.

"Nipo, mwalimu."

Mimi nikashusha pumzi. Nikamwambia, "Shangazi, si umesikia? Yupo, twende zetu."

Aliniangalia. Akaninong'oneza, "Baba, hiyo siyo sauti yake."

Nikasema labda amedhoofika. Akatikisa kichwa. "Huyo ni mtoto mwingine. Kuna mtu amemwambia aitikie." Kisha akasema kwa nguvu, kuelekea ukutani, "Nikuone."

Tulisikia mlango wa chuma unasukumwa huko ndani, basi.

Tulikwenda kituo cha polisi moja kwa moja. Askari wa zamu alimsikiliza vizuri, sina ubaya naye. Akapiga simu shuleni palepale. Mwalimu mkuu akafungua daftari, akasoma. Askari akakata simu, akamtazama shangazi kama unavyomtazama mzee aliyesahau njia ya kwake. "Mama, mtoto yupo shule, mahudhurio kamili. Sasa mimi nikamtafute nani?"

Mimi pale nilitaka kupindua meza. Shangazi akanishika mkono, akasema twende.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kengele, alipita kwenye geti la bluu akaita. Mvua zikaanza, akaita na mwavuli. Majirani wa pale walianza kusema Mwalimu Nikuone kachanganyikiwa. Kuna asubuhi kisauti kilijibu, kuna asubuhi hakikujibu. Wiki ya mwisho ya Mei hakikujibu hata mara moja. Aliiomba bodi iifute sheria yake mwenyewe. Bodi ikapanga kulijadili jambo hilo Jumanne ijayo, tarehe 11 Juni.

Jumapili tarehe 2 Juni alianguka kwenye ngazi za kanisa na kupelekwa hospitali ya wilaya. Tulimlaza wodi ya wanawake, kitanda cha ukutani, na binti yake hakutoka pale. Kila nilipoingia aliuliza neno moja tu, "Ameonekana?" Nami nilijibu, "Bado, shangazi." Jumatano nilimdanganya, nikamwambia ameonekana. Akaniuliza, "Umemwona wewe?" Nikakiri sijamwona. Akasema, "Basi usifunge mlango." Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa tatu asubuhi, wakati ambao darasani angekuwa amemaliza kuita majina, alikata roho.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake ambao wote mnawaona wamekaa mstari wa mbele, na wanafunzi ambao siwezi kuwataja, wengine mna mvi. Ameacha pia mwanafunzi mmoja wa darasa la saba, kiti cha dirishani. Jana Ijumaa, shule ikiwa kwenye msiba wa mwalimu wake, huyo mtoto aliandikwa yupo. Nilikwenda nikaangalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu, kwaya, na waliochanga. Tunamshukuru pia mzee wetu wa kanisa kwa magodoro ambayo wageni wamelalia usiku wa jana. Kwenye programu mmeona yeye ndiye ataomba sala ya kufunga. Najua walioanza kusoma nakala ya karatasi hii kutoka chini wameshafika hapa na wananiangalia. Baba mdogo, nasoma polepole kama ulivyoniomba.

Sala ya kufunga itangoja. Tukimaliza kufukia, familia haiendi kula. Tunakwenda kwa miguu mpaka geti la bluu, ni mwendo mfupi kutoka hapa. Hakuna atakayeshika jiwe wala fimbo, shangazi hakuwahi kumchapa mtu. Mchungaji amekubali kuja. Yule askari wa zamu amekuja kuzika, yuko pale karibu na mti na kofia mkononi, naye nimemwomba aje, aone kwa macho yake. Binti wa marehemu amebeba mkoba wake wa kazi.

Mzee, funguo ziko kiunoni kwako, nimeziona ulipokuwa unakaa. Tunakuomba utangulie. Tukifika, mimi nitaita jina, kwa sababu sauti yangu inafika mbali. Safari hii watakaoitika, wawe nani na wawe wangapi humo ndani, tutawaona mmoja mmoja.

Shangazi, lala kwa amani. Hatujafunga.