Sauti ya Mwisho kwa Dubu wa Sitini na Moja

Wasikilizaji wapendwa, theluji ya kwanza imeshafika vizingitini na kahawa zenu ziko mezani. Kaeni. Leo tunamkumbuka Raili Kangas wa Salmijoki, mwanzilishi na mkuu wa hospitali ya wanyamapori walioumia na walioachwa yatima. Alifariki Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka sabini na saba.

Tuseme jambo moja mapema. Raili hakuwahi kukisikiliza kipindi hiki akiwa kazini. Redio zilipigwa marufuku hospitalini kwake tangu mwaka 1983. Si redio peke yake. Karibu na mabanda ya dubu, binadamu hakuruhusiwa kutoa sauti yoyote. Hakuna kuzungumza, hakuna kuimba, na ukibanwa na kikohozi, toka nje. Mjini hospitali ile iliitwa Kwa Mabubu. Mtu akienda kujitolea, wenzake walimtania: "Leo tena unakwenda kunyamaza bure?"

Na huyu ni mtu aliyekula kwa sauti yake. Raili alikuwa binti wa mchimba shaba. Alipofika miaka kumi na tisa aliajiriwa kuunganisha simu za wilaya nzima, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na miwili. Kila nyumba iliijua sauti yake.

"Alijua nani anampigia nani, na kwa nini," anasema mdogo wake, Sylvi. "Lakini neno humtoi. Ungeanza na jino, lingetoka upesi zaidi."

Mitambo ilipochukua kazi yake, Raili alisafisha zizi la baba yake na mwaka 1981 akafungua hospitali. Mgonjwa wa kwanza alikuwa bundi aliyegongwa na gari. Wa pili, mbweha mwenye mguu uliovunjika. Kisha, mwaka 1983, akaletewa mtoto wa dubu aliyefiwa na mama.

Raili alimpa jina. Alimwita Pulla, kwa kuwa rangi yake ilifanana na mkate ule mtamu wa iliki ukitoka jikoni. Alimlisha Pulla kwa mkono wake. Alizungumza naye kutwa. Vuli ilipofika, akamwachia msituni.

Pulla aliishi msituni siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alitokea kwenye ua wa mtu aliyekuwa anapasua kuni. Alisimama kwa miguu miwili, akamwendea, akitaka mkate. Yule mtu alikimbilia bunduki.

Raili hakumlaumu hata siku moja. Alimwambia Sylvi hivi: "Risasi ilikuwa yake. Lakini aliyemfundisha dubu kwamba mtu ni mkate ni mimi."

Tangu siku hiyo, hakuna dubu aliyepewa jina. Walipewa namba, na Pulla akaandikwa namba moja. Walishaji walivaa majoho ya magunia yaliyolazwa kwenye nyasi za dubu wenyewe, ili yasinuke mtu. Chakula kilipita kwenye bomba. Na sauti ya binadamu, wasikilizaji wapendwa, dubu aliisikia siku moja tu, siku ya kuachiwa. Mlango ulifunguliwa, watu wakapiga mayowe na masufuria, ili kumbukumbu ya mwisho ya dubu juu yetu iwe ya kutisha. Mayowe ya Raili ndiyo yaliyovuma kuliko yote. Kwa njia hiyo waliondoka dubu hamsini na tisa baada ya Pulla. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuomba mkate.

Sasa tunafika kwa dubu wa sitini na moja.

Mei mwaka jana, Duane Pelto, dereva wa lori la magogo, alifika hospitalini na sanduku. Ndani mlikuwa na mtoto wa dubu. Raili alimtoa Duane nje ya uzio kwanza, ndipo akamhoji.

"Umekaa naye siku ngapi?"

"Mbili, tatu hivi."

"Duane."

"Wiki tatu, Mama Raili."

"Ukampa nini?"

"Maziwa. Na mkate kidogo."

"Na ukamwimbia."

Duane alitazama viatu vyake. "Alikuwa analia."

Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Wiki iliyofuata alikuja ofisa wa wanyamapori wa jimbo. Alipiga mluzi mara moja, na mtoto wa dubu akaja mbio mpaka kwenye uzio, amefungua mdomo. Ofisa alisema wazi: huyu hafai msituni. Angerudi siku ya kumwachia, ajionee mwenyewe. Dubu akimwendea mtu, atauawa.

"Nipe mpaka Juni ya mwakani," Raili akamjibu.

Daktari wake alikuwa amemwambia apumzike, kwa sababu ya moyo. Raili alimsikiliza, akamshukuru, akaenda kuhamisha banda. Yule mtoto alikuwa akisikia lori barabarani anakimbilia bomba la chakula. Kwa hiyo banda likapelekwa nyuma ya kilima, kilomita mbili kutoka barabarani. Raili hakumwamini mtu mwingine kumlisha. Kila asubuhi alipanda kilima kile peke yake, theluji ikishuka akivaa mbao za kutelezea. Alipumzika mara mbili njiani, kwenye mawe yale yale. Miezi kumi na tatu. Hakutoa neno.

Mei mwaka huu alikwenda kwa Duane. Sylvi ndiye aliyeendesha gari, na haya aliyasikia kwa masikio yake.

"Tarehe nne Juni nakuhitaji," Raili alisema. "Uje na ndoo yako ya shaba, ile ya kuogea mvuke kwenye sauna. Inavuma."

"Mimi siwezi. Yule ananijua."

"Ndiyo maana."

"Mama Raili, una watu ishirini pale. Si wapige kelele wao?"

"Dubu hakuwahi kuwapenda wao. Akiwakimbia wao, wewe bado utabaki rafiki. Siku atakayomsikia mwenye sauti kama yako, atamwendea. Na huyo atakuwa na bunduki."

"Unataka nimvunje moyo."

"Moyo, ndiyo. Ili asije akapasuliwa kichwa."

Duane alimimina kahawa, hakuinywa. Mwishoni aliuliza saa ngapi.

Tarehe nne Juni, ofisa alisimama kando na daftari lake. Duane aliwekwa mbele, hatua thelathini kutoka mlangoni. Mlango ulifunguliwa. Dubu alitoka, akainua pua, akamtambua. Alipiga hatua mbili kumwendea Duane.

Duane alifungua mdomo. Sauti haikutoka.

Dubu akapiga hatua ya tatu. Raili alikuwa nyuma, ameshika mti kwa mkono mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa na mayowe makubwa kuliko wote, na angeweza kupiga. Hakupiga. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Sasa, Duane."

Aliyoyasema Duane hayasemeki redioni. Aliyasema kwa lugha mbili, akiipiga ndoo mpaka kitako kikachomoka. Dubu alisimama. Alimtazama. Kisha aligeuka, akaingia vichakani. Duane aliendelea kuutukana msitu mtupu, machozi yakimtiririka, mpaka Raili alipomnyang'anya ndoo.

"Basi, mwanangu. Hakusikii tena."

Ofisa aliandika mstari mmoja, akaondoka.

Septemba, Duane alikuwa anabadilisha gurudumu kwenye njia ya magogo. Dubu mwenye kibandiko cha njano sikioni, namba sitini na moja, alitokea hatua arobaini mbele yake. Duane alitulia. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema, "Habari yako, bwana." Dubu alitimua mbio akivunja matawi.

Jioni hiyo alikwenda kumweleza Raili, ambaye wakati huo alikuwa hatoki kitandani.

"Alikimbiaje?" Raili aliuliza.

"Kama ameona shetani."

"Vizuri sana, shetani wangu. Sasa nimiminie kahawa."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Sylvi, na wote wanaojitolea hospitalini. Kesho asubuhi wanyama tisa watalishwa kama kawaida, kimyakimya. Tunampa pole pia Duane Pelto. Nasi tujiulize ni nani tunayemshika karibu kwa sababu inatupendeza sisi, wala si kwa sababu inamfaa yeye. Na ukimkuta mtoto wa dubu peke yake, usimbebe, usimwimbie. Rudi nyuma, piga simu hospitalini.

Familia haikuomba wimbo. Imeomba nusu dakika bila sauti yoyote. Msiguse redio zenu. Hazijaharibika.