Maji ya Nyuma ya Benchi

Benchi la Bi Birika lilikaa ukingoni mwa barabara, juu kabisa ya mteremko. Nyumba yake ilikuwa chini, hatua arobaini za kushuka. Kila asubuhi alipanda na kahawa, akawakuta wale wale: Kinyozi, mwenye kibanda hapo ubavuni, na Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Leo Bi Birika alipanda na habari mbaya. Ufa wa ukuta wa jikoni, uliokuwa ukimeza kucha, sasa ulimeza kidole kizima.

— Nyumba imezeeka tu, bibi, Kinyozi akamtuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua.

— Methali hiyo inaingiaje hapa? Bi Birika akauliza.

— Itaingia tu, ufa si upo?

— Ni panya! Redio akadakia. Wamechimba mpaka mlima mzima uko tupu kama ngoma.

— Panya gani wa kusukuma nyumba? Kinyozi akauliza.

— Haba na haba hujaza kibaba! Na kama si panya, basi ni dunia. Si inazunguka? Kila ikizunguka, huku kwetu inateleza kidogo.

— Mbona kahawa haimwagiki?

— Bi Birika ana mkono mtulivu.

Hata mwenyewe akacheka. Wakiwapo hawa, hofu ilikosa pa kukaa.

Ndipo akaja yule binti mpimaji, aliyechomeka bomba mteremkoni juma lililopita apime maji ya ardhini. Amebeba karai: ndani mteremko wa udongo, chini yake kiberiti.

— Shikamooni. Kiberiti ndiyo nyumba ya bibi.

Akanyunyiza maji, udongo ukakazana.

— Ukilowa kidogo, unashikana.

Akamimina kikombe kizima kule juu. Udongo ukavimba, ukaporomoka, kiberiti kikazama.

— Ukishiba, unaachiana. Sasa wazee wangu, mvua haijanyesha miezi miwili, na bomba langu limejaa. Maji yanatoka wapi?

Kinyozi alikuwa amesimama nyuma ya benchi na beseni la povu, tayari kulimwaga pale anapomwaga kila siku, mwaka wa tisa huu. Bi Birika akaitazama ndoo yake ya kusuuzia vikombe, akapatazama pale pale, anapoimwaga naye.

— Haba na haba, akasema taratibu.

Kinyozi akalishusha beseni kama mtu anayelaza mtoto. Bi Birika akammiminia binti kahawa ya mwisho, na Redio, mvivu wa wavivu, akanyanyua ndoo, akavuka nayo barabara hadi mtaroni, bila neno hata moja.