Kireb ya Mama Kaltuma

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mama yetu Kaltuma Bishara, aliyezaliwa msimu wa mvua wa mwaka 1951 katika kijiji kilicho kusini mwa Kornoi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bishara Tijani, mfugaji wa ngamia, na mama Ashta.

Alisoma chuo cha Kurani kwa miaka miwili, kisha akaacha ili kumsaidia mama yake, ambaye alimfundisha habari za kireb, nyasi ya mbegu za kuliwa isiyopandwa na mtu, inayoota yenyewe mvua za kwanza zikituama kwenye vibonde vya udongo wa mfinyanzi, ikafika magotini, ikazaa na kufa kabla baridi haijaingia. Mbegu zake haziivi kwa pamoja wala hazishikilii suke, iliyoiva leo huanguka leo, kwa hiyo mwanamke hupita asubuhi akipunga kikapu juu ya masuke ili zilizoiva zidondokee ndani, na kesho hurudi kwa zilizobaki. Alimfundisha pia kufunga mafundo ya nyasi pembeni mwa kibonde, na kibonde kikishafungwa kina mwenyewe, mkono wa mtu mwingine hauingii, wala mbuzi.

Mwaka 1969 aliolewa na marehemu Abakar Nurein, mwenye duka mjini Kornoi, wakajaliwa watoto watano, wawili kati yao wakafariki wakiwa wadogo. Ukweni walikula ugali wa uwele, na siku alipopika kireb aliyotoka nayo kwao, wifi yake Hawaye alichungulia sufuria, akauliza mbele ya wageni, "Wifi, kwenu mnapakuliwa kwenye sahani, au asubuhi mnafunguliwa pamoja na mbuzi?" Watu wakacheka, Abakar naye akacheka, na tangu siku hiyo Kaltuma hakupika kireb bila kufunga kwanza mlango wa jiko.

Mwaka 1984 uwele ulikauka ungali mche, duka likabaki na chumvi na viberiti, lakini mvua moja ilituama kwenye kibonde kilicho kando ya barabara ya sokoni, kireb ikaota, na mama Ashta akatembea kutoka kijijini, mzee vile, akamfungia binti yake mafundo, akamwambia, "Hiki ni chako na wanao, usikilalie." Kaltuma aliitikia, lakini kila alipobeba kikapu na kufika kwenye kona ya soko aliwaona akina Hawaye wamekaa barazani, akageuka, akajiambia ataenda watu wakipungua. Jirani yake Zenaba, aliyekuwa na watoto wanne na sufuria tupu, alipita hapo kila asubuhi akienda kisimani, na hakugusa hata suke moja, kwa sababu kibonde kilikuwa kimefungwa. Ukaja upepo mkavu kutoka kaskazini, ukavuma mchana kutwa, masuke yakabaki matupu.

Zenaba alikuja mlangoni, na hakupaza sauti. "Dada," alisema, "kama hukuitaka, si ungefungua tu?"

Kaltuma alichukua ufagio na kikapu. Alikwenda mchana kweupe kufagia mbegu kwenye nyufa za udongo, Hawaye akimtazama, akapata mbegu na mchanga vikiwa kitu kimoja, akavigawa nusu kwa nusu, lakini alipofikisha nusu moja kwa Zenaba alikuta mlango umefungwa kwa kamba. Zenaba alikuwa ameondoka na wanawe kwa miguu kuelekea kusini, na aliporudi baada ya miaka miwili, mdogo wao, Harun, hakuwa naye.

Tangu hapo Kaltuma hakufunga tena kibonde chochote, aliokota wengine wakishamaliza, akauza kireb sokoni mbele ya baraza lile lile, na wakimtania aliendelea kupima. Kila Idi alimpelekea Zenaba bakuli, na bakuli lilirudi limeoshwa, bila neno.

Mwaka 2018 aligundulika kuwa na kisukari, baadaye figo zikadhoofika, na alifariki nyumbani kwake siku ya Jumanne tarehe 12 Oktoba 2021. Juma lake la mwisho, Zenaba akiwa amekuja kumjulia hali, mama alituambia, "Watu wakija kunizika, wapikieni kireb, na sufuria ikae nje."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji, na akina mama wa sokoni waliofunga biashara zao leo.

Tunasema kwa aibu kwamba wanawe walinunua mchele, kwa kuwa walitarajia wageni kutoka Khartoum, na kireb ikapikwa kidogo, jikoni nyuma, kwa ajili ya wazee. Leo asubuhi Zenaba aliingia uani, akaona masinia ya wali yamepangwa, akauliza, "Ndivyo alivyoomba?" Akaenda jikoni, akaiburuta sufuria mwenyewe hadi mbele ya mlango, akaketi kando yake na upawa mkononi, na hapo ndipo mnapomwona sasa.

Tukitoka makaburini, familia inawaomba muanzie kwake.

Mama Kaltuma, lala kwa amani, Mwenyezi Mungu akusitiri.