Prompta Moja, Hali: Nzima

Bi. Maximiliana Nkinda anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kunong'ona. Ndiyo, kunong'ona. Katika kikundi chetu cha maigizo ya afya hapa Bariadi, yeye ndiye prompta: anajibanza nyuma ya pazia na karatasi za mchezo, na mwigizaji akisahau maneno, anamtupia.

Neno lenyewe limetutesa. Lilikuja na mkufunzi mmoja aliyesomea maigizo kwa Kiingereza, akaondoka kabla hatujamwelewa sawasawa. Mtunza stoo akaliingiza kwenye orodha ya vifaa: pazia moja, ngoma tatu, prompta moja, hali: nzima. Mkaguzi alipokuja akataka kuiona, na akahoji kwa nini haina namba ya mali. Bi. Maximiliana akajitokeza, akamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akamwambia namba aiandike popote ila usoni.

Mtaani nako neno likajiendea zake. Siku hizi bwana harusi mwoga anatafutiwa prompta. Mzee Mashimba wa Mkula alikuja kumwazima Bi. Maximiliana kabisa, aende naye kuposa. Mke alipatikana.

Mimi, Limbu, bado sijamwomba radhi ya kutosha kwa yale ya Bukundi. Nilikuwa bwana afya kwenye igizo la choo bora, nikasahau kila kitu. Akaninong'oneza: "Chimbeni vyoo, ndugu zangu. Sema, boga wewe, mgeni rasmi anasinzia!" Nami nikayatamka yote, kwa sauti, nimemkazia macho mgeni rasmi. Akazinduka. Wallahi sijawahi kushangiliwa vile.

Lakini miaka yote hiyo mama yetu hajakanyaga mbele ya pazia. Tulimpa nafasi ya mama mkwe, ya muuguzi, hata ya mbu. Akakataa zote, eti macho ya watu yanamkausha koo. Na leo ratiba, kipengele cha saba, inasema: Neno la Mstaafu. Tangu Jumatatu hali chakula vizuri. Jana tumemkuta stoo anazihutubia ngoma.

Kwa hiyo, ndugu mliopo ukumbini, tunawaomba jambo moja. Hotuba yake ina neno moja tu, amelichagua mwenyewe: asanteni. Akikwama, msicheke. Ukumbi mzima umnong'oneze.

Mama, tunakushukuru kwa kila neno ulilotuwekea mdomoni. Kapumzike nyumbani Kiloleli, ule vizuri, ulale vizuri, uongee kwa sauti unavyotaka. Na kikifika kipengele cha saba, usiogope. Leo nyuma ya pazia tupo sisi.